Chombo cha mbao hutaka maji na fundi

*Majahazi ya Lamu yanatafutwa na wavuvi, wenye hoteli na vijana wa mashindano. Kuyafufua kunahitaji vitu viwili ambavyo fedha peke yake hazivileti: mti uliopinda wenyewe msituni na kijana aliye tayari kujifunza kwa miaka.*

MATONDONI, Lamu – Maji ya bamvua yamekupwa na jahazi limebaki mchangani, limeegemezwa magogo ubavuni lisije likalala. Rangi imekwanguliwa hadi mti umeonekana. Fundi amechuchumaa chini ya tumbo la chombo, patasi mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, anashindilia uzi wa pamba uliolowekwa mafuta katika mwanya ulio kati ya ubao na ubao. Anapiga, anasogea kidogo, anapiga tena. Sikio ndilo linalomwambia pamba imeshiba au bado, kwa kuwa mlio wa mwanzo huwa mzito na wa mwisho huwa mkavu.

Pembeni pake ubao mmoja umeng'olewa. Kwa nje unaonekana mzima kabisa. Ukiupasua, ndani ni matundu matupu, yamepangana, laini, yamepakwa ute mweupe uliokauka ukawa mgumu. Hiyo ni kazi ya kiumbe wa jamii ya chaza mwenye umbo la mnyoo, anayeingia mtini akiwa mdogo hata jicho halimwoni, kisha akanenepa humo humo akila mbao.

Muda wa kumtoa ni mfupi. Baada ya saa sita hivi maji yatakuwa yamejaa tena, kwa hiyo kazi ya chini ya chombo hufanywa vipande vipande, bamvua hili na bamvua lijalo, wiki mbili zikipita katikati.

Kwa hesabu ya dukani, ukarabati huu hauna maana. Boti ya faiba yenye injini ya nyuma hupatikana haraka, haina wadudu, na ingefika Mokowe, upande wa bara, kabla jahazi hili halijamaliza kutweka tanga. Hata hivyo vyombo vinaendelea kuletwa Matondoni, kijiji cha kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu ambacho jina lake limefungamana na uundaji wa majahazi na mashua. Wanaovileta si wavuvi tu. Wapo wenye hoteli za kijiji cha Shela, wapo wageni waliohamia Lamu, na wapo wenyeji waliorithi chombo cha baba wasiotaka kukiona kikiozea kwenye matope.

Swali ambalo pwani nzima inapaswa kulijibu ni hili: tunapomlipa fundi afufue jahazi, tunaokoa nini hasa?

Kazi ya macho

Fundi wa Lamu haanzi na mchoro. Anaanza na mkuku, gogo refu la mti mgumu. Juu yake husimamisha hanamu upande wa omo na ubao wa tezi upande wa nyuma, kisha hupandisha mbao za ubavuni moja baada ya nyingine, ukingo kwa ukingo. Mataruma huingia baadaye, kuzishika mbao hizo kwa ndani. Katika viwanda vingi vya meli za mbao huko Ulaya kiunzi husimama kwanza na mbao hufuata. Hapa umbo zima la chombo limo machoni mwa fundi, na kipimo chake ni kamba.

Mataruma ndiyo yanayonivutia kuliko kitu kingine chochote. Ubao ulionyooka ukichongwa kwa msumeno upate mviringo, nyuzi za mti hukatika, na taruma la namna hiyo huvunjika chombo kinapopigwa na wimbi. Ndiyo maana fundi hutafuta mti uliojipinda wenyewe: mlilana, aina mojawapo ya mikoko, ambao tawi lake limekua kwa mwinamo unaolingana na tumbo la chombo. Nyuzi hufuata mwinamo huo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiingia ndani ya jahazi na kupitisha kiganja juu ya taruma, unausikia mti ulivyokua.

Baada ya mbao ni misumari, kila mmoja ukizungushiwa nyuzi za pamba zenye mafuta chini ya kichwa chake ili maji yasipate njia. Baada ya misumari ni kalafati, yaani kushindilia pamba katika nyufa. Kisha ni moto. Makuti makavu huwashwa na kupitishwa chini ya chombo kwa haraka, ndimi zikilamba mbao bila kuzishika, ili viumbe wala mbao waliobakia ndani wafe. Hapo ndipo hupakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, katika sehemu zote zitakazokaa majini. Sehemu za juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake humfikia mtu kabla hajakiona chombo. Siku hizi wengi hununua rangi ya dukani, lakini shahamu haijasahaulika.

> Jahazi la miaka mingi linaweza kuwa limebakiza mbao chache tu za siku liliposhuliwa, na bado mwenyewe akaliita lile lile.

Hapa kuna jambo ambalo mgeni hulielewa polepole. Chombo cha mbao kimetengenezwa kiwe cha kutengenezwa. Ubao ukioza hung'olewa huo tu, taruma likivunjika hutolewa hilo tu. Faiba ikipasuka katikati, hakuna ubao wa kung'oa. Hubandikwa kiraka juu ya kiraka mpaka siku inapotupwa, na hapo huwa taka isiyooza.

Kabla ya injini

Vyombo vya pwani hii vina historia ndefu kuliko miji yake mingi. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho *Periplus ya Bahari ya Eritrea*, cha karne ya kwanza, kinataja mashua za kushonwa katika bandari ya Rhapta, inayodhaniwa kuwa ilikuwa kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Ndugu yao wa mwisho alikuwa mtepe wa visiwa vya Lamu, uliofungwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja, tanga lake likiwa mkeka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ilikuwa bado ikisafiri. Kisha ikatoweka.

Majahazi yaliendelea, kwa sababu biashara iliendelea. Kaskazi ikivuma kuanzia mwishoni mwa mwaka ilileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba, navyo vikangoja kusi virudi, vikiwa vimesheheni boriti za mikoko za kujengea nyumba katika nchi zisizo na miti. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na chombo cha Kuwait mwaka 1938 na 1939, kutoka Aden hadi Zanzibar na ndani ya delta ya Rufiji, akayaandika maisha hayo kabla hayajakwisha. Yalikwisha kweli. Mafuta yaliipa Ghuba saruji na chuma, injini zikaingia katika vyombo, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi. Lori nalo likachukua mizigo iliyokuwa ikienda Mombasa kwa tanga.

Majahazi yaliyobakia yalipata kazi za karibu: kubeba mchanga, mawe ya matumbawe, boriti, saruji. Katika mji usio na barabara za magari, kazi hiyo si ndogo. Mzigo unashushwa gatini na punda anaupokea.

Tanga linaposhika

Anayetaka kujua kwa nini watu wanahangaika na vyombo hivi, apande kimoja mchana wa kusi, katika mlango wa bahari wa Lamu, bila injini.

Kutweka ni kazi ya mikono ya wengi. Foromali, mti unaobeba tanga, ni ndefu na nzito, na henza, kamba ya kuipandisha, huvutwa kwa pamoja, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, kwa sababu bila sauti mikono haivuti kwa wakati mmoja. Tanga hupigapiga likitafuta upepo. Kisha mtu wa demani, kamba ya kulikaza tanga, anavuta, turubai inatulia na kujaa, chombo kinalala kidogo upande mmoja na kuanza kukata maji. Aliyeshika kana anausikia usukani ukisukuma mkono wake. Hakuna kelele ya mashine. Mtu wa omo akisema jambo, mtu wa tezi anamsikia.

Kugeuka ndiko kunakomtambulisha nahodha. Foromali haiwezi kupita nyuma ya mlingoti, kwa hiyo chombo hakipindui kwa kukabili upepo kama mashua za Kizungu. Huupa upepo mgongo, foromali husimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti, na kamba zote huhamia upande wa pili wakati tanga limelegea na chombo kinasukwasukwa. Mtu mmoja akichelewa, tanga linajikunja juu ya mlingoti. Mabaharia wakielewana, yote hupita kwa amri mbili tatu fupi.

Mashindano ndiyo yaliyolinda ujuzi huo. Lamu hushindana wakati wa Maulidi, katika tamasha la utamaduni, na Shela siku ya mwaka mpya. Hapo chombo hupangwa upya: mzigo hupunguzwa, mifuko ya mchanga huingia na kuhamishwa kutoka upande hadi upande, na ubao mrefu hutokezwa goshini, upande wa upepo, vijana wakitambaa hadi ncha yake, miili yao ikiwa juu ya maji, ili kukishikilia chombo kisilale. Kijiji kikishinda hakinyamazi mwaka mzima. Na wiki za kabla ya mashindano ndizo wiki ambazo Matondoni haina nafasi ya kupweleza chombo kingine.

Tanga la pambo

Mabishano yanaanzia kwenye injini.

Kwa mvuvi anayeuza samaki wa barafu, mabishano yamekwisha zamani. Upepo ukikata akiwa nje, samaki wanaharibika na wanawe wanalala na njaa. Hakuna mwenye haki ya kumwambia arudi kwenye tanga ili sisi tupate picha nzuri. Akichagua faiba kwa sababu ni nyepesi na haihitaji kalafati, amechagua kwa akili.

Kwa wenye hoteli jambo ni tofauti kidogo. Wageni wanataka machweo, mito ya kuegemea, kivuli na choo. Jahazi likiingia mikononi mwao hufunguliwa tumbo, likatiwa injini ya ndani, likajengewa vyumba. Tanga hubaki, na mara nyingine hutwekwa baada ya injini kukifikisha chombo mahali pa kupigia picha. Wapo wazee wa bahari wanaoliita hilo dharau. Wapo mafundi wanaosema ndilo linalowalipa, na kwamba bila wageni patasi nyingi zingekuwa zimeshaingia kutu.

Nawaelewa wote wawili, lakini nasimama na mafundi kwa sharti moja. Chombo chenye injini ambacho mabaharia wake bado wanaweza kukirudisha gatini kwa tanga peke yake ni chombo kilichookolewa. Kile ambacho hakuna aliyemo ndani anayejua kupitisha foromali mbele ya mlingoti, kimekuwa boti ya injini yenye mlingoti, hata kama kila ubao wake ni wa mbambakofi.

Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ina mabishano ya aina yake. Huko mafundi wanaunda vyombo kwenye ufuo ule ule ambao hoteli zimeupenda, na kila kipande cha mchanga kina anayekitaka. Mgeni hupita akapiga picha ya mataruma yaliyosimama wazi. Chombo kikikamilika lazima kipate njia ya kwenda majini, na njia hiyo huzidi kuwa nyembamba.

Mti unatoka wapi

Ugomvi mzito zaidi ni wa msituni.

Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Mikoko ndiyo mazalia ya samaki na kamba, ndiyo ngao ya fukwe, na udongo wake unahifadhi kaboni kwa wingi. Mwezi Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma nchini, na waliokuwa wakiishi kwa mikoko wakajikuta hawana kazi wala miti. Wahifadhi walikuwa na hoja. Boriti zilikuwa zimekatwa kwa wingi, na mikoko ikishafyekwa vibaya, ardhi yake huchukua miaka mingi kupona.

Lakini boriti za kujengea na taruma la jahazi haviko kwenye mizani moja. Mkata boriti hutaka miti iliyonyooka, mingi, ya unene mmoja, na huweza kusafisha eneo zima. Fundi wa vyombo hutaka tawi moja hapa na jingine kule, tena lile lililopinda ambalo mkata boriti hulipita. Sheria isiyotofautisha hizo kazi mbili humwadhibu asiyefanya uharibifu. Ninaamini kibali cha pekee kwa mafundi wa vyombo, cha idadi ndogo inayokaguliwa, kingelinda msitu na jahazi kwa pamoja.

> Mkata boriti hutaka miti iliyonyooka. Fundi wa jahazi hutaka ile iliyopinda.

Mbao za ubavuni zina shida yake. Mbambakofi na mvule ni miti inayokua polepole na imeadimika. Badala yake vyombo vingi vidogo huundwa kwa mwembe, mti unaopatikana lakini usiodumu majini kama hiyo ya zamani. Matokeo yake mwenye mashua hurudi kwa fundi mapema zaidi, na gharama humsukuma kuelekea kwenye faiba.

Mafundi wenyewe hawakukaa kungoja. Mwaka 2018 Ali Skanda, fundi na mchongaji wa Lamu, aliongoza kazi ya kuunda Flipflopi, chombo cha urefu wa mita 9 hivi kilichotokana na tani 10 hivi za taka za plastiki, ubavu wake ukifunikwa na kandambili zilizookotwa ufukweni. Plastiki iliyeyushwa ikawa mbao na mataruma, ikachongwa na kuunganishwa kwa mikono iliyozoea mti. Mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Sidhani kwamba plastiki itachukua nafasi ya mbao Matondoni. Lakini safari ile ilionyesha kwamba utajiri uko mikononi mwa fundi, na kwamba mikono hiyo inaweza kuhamia kwenye kitu kingine pale mti unapokosekana.

Chombo kilichokauka

Kuna njia nyingine ya kuhifadhi: kukitoa chombo majini na kukiweka mahali watu watakiona. Zanzibar ilijenga mtepe mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Oman nayo, mwaka 1980, iliiunda Sohar kule Sur, mji ambao mabaharia wake walizoeana na Zanzibar kwa vizazi vingi. Ilikuwa meli ya kushonwa, ikaongozwa na Tim Severin hadi China. Leo imewekwa katikati ya mzunguko wa barabara huko Muscat.

Ninaziheshimu kazi hizo. Bila ule mtepe wa 2003, watoto wengi wa pwani wasingejua mtepe ulikuwa mkubwa kiasi gani. Ila mbao za baharini zina tabia yake. Zikiwa majini huvimba na kujibana, nyufa zikafungana. Zikikaa juani hunywea, kalafati ikalegea, misumari ikacheza katika matundu yake. Jahazi lililopwelezwa miezi mingi likirudishwa majini huvuja kila mahali, na mabaharia hufua maji kutwa nzima mpaka mti ukumbuke kuvimba.

Na kuna funzo jingine katika Sohar. Ili ishonwe, wajenzi walilazimika kuwaleta washonaji kutoka visiwa vya Lakshadweep, India, kwa kuwa huko bado watu walikuwa wakishona mashua zao kwa kamba za nazi. Kama washonaji wa Lakshadweep nao wangekuwa wameacha, hakuna picha wala kielelezo ambacho kingefundisha kamba ikazwe kiasi gani.

Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha uundaji wa mashua za mbao za nchi za Nordiki katika urithi usioshikika. Kilichoandikishwa ni ujuzi na matumizi yake, kuunda na kusafiria. Mji wa kale wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa ajili ya mawe yake, milango yake na utamaduni unaoishi ndani yake. Ufukwe wa Matondoni haujapata ulinzi wa uzito huo.

Patasi ya pili

Mwanagenzi wa jahazi huanza kwa kusokota pamba na kushika ncha ya ubao ambao mwingine anaukata. Hupita miaka kabla hajaachiwa kuamua ubao upi uende wapi, na katika miaka hiyo malipo ni madogo. Kijana huyo huyo akiendesha boti ya faiba kati ya Lamu na Mokowe, jioni ana fedha mfukoni. Wazazi wanaomshauri aende huko hawana kosa.

Fedha za kubadili hali hiyo zipo, ila zinakwenda kwingine. Tamasha huwa na zawadi kwa nahodha na mabaharia walioshinda, na wanastahili. Fundi aliyekalafati chombo hicho wiki moja kabla hatajwi kwenye kipaza sauti. Mwenye hoteli hulipa ukarabati kwa bei iliyopatanwa, na ndani ya bei hiyo hakuna fungu la mwanafunzi.

Serikali ya kaunti inaweza kuanza na mashindano yajayo: kila chombo kiandikishwe kwa jina la nahodha na la fundi, na zawadi igawanywe kwa wote wawili. Wenye hoteli na wageni wanaoyapenda majahazi, ambao mapenzi yao siyatilii shaka, waandike katika mkataba wa ukarabati ujira wa mwanagenzi mmoja kwa muda wote chombo kitakapokuwa mchangani. Na Huduma ya Misitu ikae na mafundi wa Matondoni, waingie mikokoni pamoja, ioneshwe ni matawi mangapi ya mlilana yanayohitajika kwa jahazi moja. Idadi hiyo ikishajulikana, kibali kitakuwa na cha kuandikwa.